Kate Bush au Björk: yupi apewe nafasi kwenye rafu ya progresivu?

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini alifanya kazi kwenye meli za mizigo, na kila meli ilipotia nanga Liverpool au Southampton, sehemu ya mshahara wake iliishia kwenye duka la santuri. Ndiyo maana nyumba yake ya Mombasa ina rafu moja ndefu ambayo wajukuu hawaruhusiwi hata kuifuta vumbi: King Crimson, Yes, Genesis, Pink Floyd, Jethro Tull. Rumba zina kabati lake, taarabu ina sanduku lake. Rafu ile ni ya roki ya progresivu tu.

Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mpwa wangu, nimeitazama hii rafu nikaona ni wanaume watupu. Ukimtoa Annie Haslam wa Renaissance, hakuna mwanamke. Nasikia wakisifiwa wawili, Kate Bush na yule wa Iceland, Björk. Niletee mmoja. Lakini usiniletee pop ukaniambia ni progresivu kwa sababu tu mwimbaji ana vituko."

Hiyo sentensi ya mwisho ilinikalisha kitako, kwa sababu ndivyo mjadala huu unavyokwenda kila mara. Mtu akiimba kwa sauti isiyozoeleka, akavaa mavazi ya ajabu, akachanganya vinanda na kelele za mashine, mashabiki wanamsukumia kwenye progresivu. Sikubaliani nao. Wanawake hawa wawili nimewasikiliza zaidi ya miaka ishirini na nawapenda wote, kwa hiyo naweza kusema tangu hapa: mmoja ni wa rafu ile, mwingine si wa pale, na huyo asiye wa pale hapungukiwi na kitu.

Nimechukua albamu moja kwa kila mmoja. Kwa Kate Bush, "Hounds of Love" ya 1985. Kwa Björk, "Homogenic" ya 1997. Ndizo kazi zao zilizoshikamana zaidi, na ndizo ningempa mtu asiyewajua kabisa.

Tunapima kwa kipimo gani?

Roki ya progresivu ilikomaa Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Wengi huihesabu tangu Oktoba 1969, King Crimson walipotoa albamu yao ya kwanza. Vijana waliokulia kwenye bluzi na Beatles walianza kuuliza kwa nini wimbo uishie dakika tatu, na kwa nini santuri iwe kapu la nyimbo zisizojuana. Mwaka 1972 Yes walijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja, "Close to the Edge", dakika 18 na ushei. Mwaka huohuo Genesis walitoa "Supper's Ready", karibu dakika 23, na Jethro Tull wakaifanya santuri nzima, pande zote mbili, kuwa wimbo mmoja.

Kwa msomaji wa Kiswahili njia ya mkato ni hii: pop ni shairi la beti tatu nne, progresivu ni utenzi. Utenzi una dibaji, una safari, una mahali mtunzi anapokuachia upumue, na una mwisho unaokumbuka mwanzo. Ukiuchomoa ubeti wa 40 ukausoma peke yake huenda ukaupenda, lakini utenzi wenyewe utakuwa hujausoma.

Urefu peke yake hautoshi. "Mario" ya Franco na TPOK Jazz inavuka dakika kumi na hakuna aliyeiita progresivu. Imerefushwa ili kisa kisimuliwe na watu wacheze, gitaa likizunguka palepale kwa makusudi ili mguu usipotee. Mapigo saba badala ya manne hayatoshi pia, maana Pink Floyd walipiga "Money" kwa mapigo saba ikawa wimbo wa redioni. Mjomba mwenyewe hamweki Freddie Mercury wa Queen kwenye rafu ile, pamoja na kwamba ni mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na "Bohemian Rhapsody" imejengwa kwa vyumba vinne vitano tofauti. Anasema chumba kizuri kimoja hakifanyi nyumba. Namuunga mkono. Ninachokitafuta mimi ni vipande vinavyotegemeana, mwendo unaobadilika kwa kuwa jambo linalosimuliwa limebadilika, na albamu ambayo ukiivuruga mpangilio wake inabomoka.

Wapo wanaopinga kipimo hiki, na hoja yao ina uzito. Wanasema neno progresivu maana yake kusonga mbele, kwa hiyo anayeusogeza muziki leo ndiye progresivu kuliko bendi inayoiga Genesis ya 1972. Inanikumbusha ugomvi wetu wa ushairi, Euphrase Kezilahabi alipochapisha mashairi yasiyo na vina wala mizani miaka ya sabini, na waliolelewa kwenye sheria za Sheikh Kaluta Amri Abedi wakakataa kuyaita mashairi. Katika ugomvi ule mimi niko na Kezilahabi bila kusita. Lakini kulitetea shairi huru hakulifanyi liwe utenzi. Unaweza kuipa kazi heshima yake yote na bado ukaijua ni ya aina gani.

Kate Bush: ukoo wa progresivu, kisha ushahidi wenyewe

Kate Bush alizaliwa 1958 Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Akiwa bado msichana wa shule, kanda zake zilimfikia David Gilmour wa Pink Floyd, naye akagharimia arekodi studio kama inavyopasa mwaka 1975. Nyimbo mbili za kikao kile ziliingia kwenye albamu yake ya kwanza ya 1978, ambayo wapigaji wake kadhaa walikuwa watu wa Alan Parsons Project, kundi la progresivu la Uingereza. Wimbo wake wa "Wuthering Heights" ulikaa kileleni Uingereza wiki nne, akawa mwanamke wa kwanza kufika pale kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Mwaka 1980 aliimba kwenye albamu ya tatu ya Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, na huko ndiko alikokutana na Fairlight, kinanda cha kompyuta kinachonasa sauti yoyote, kioo kinachovunjika au mlango unaofungwa, na kuigeuza noti.

Wengi wakitaja majina hayo wanaona kesi imekwisha. Kwangu haijaanza. Kusaidiwa na Gilmour hakumfanyi mtu awe Gilmour, na ile albamu ya 1978 naiita pop, pop nzuri mno, nyimbo kumi na tatu kila moja na kisa chake. Kama Kate Bush angeishia pale ningemwambia mjomba asipoteze fedha.

Kilichobadilika ni yeye kushika usukani. "The Dreaming" ya 1982 aliisimamia mwenyewe kama prodyuza. Halafu akajenga studio nyumbani kwa wazazi wake, ili asihesabiwe tena saa na mtu, na humo ndimo alimotengenezea "Hounds of Love". Upande wa kwanza una nyimbo tano za redioni, pamoja na "Running Up That Hill", ile iliyofika kileleni Uingereza mwaka 2022 baada ya kutumiwa kwenye tamthilia ya "Stranger Things". Upande huo ni pop na sina ubishi. Geuza santuri sasa.

Upande wa pili una jina lake lenyewe, "The Ninth Wave", na una vipande saba vya dakika 26 hivi kwa jumla. Mtu yuko baharini usiku, peke yake, anaelea kwa jaketi la kuokolea. Anapambana na usingizi, maana akilala amekufa. Kipande cha kwanza ni piano na sauti hasa, pole, karibu ya kubembeleza mtoto, na utamu huo ndio hatari yenyewe: bahari inamwita alale. Mara usingizi unamchukua. Muziki unakuwa nyuzi nzito zinazokata kama chuma cha viatu vya kuteleza kwenye barafu, na anayeteleza anatazama chini ya barafu akamwona mtu. Mtu huyo ni yeye.

Kipande cha tatu kinaanza na sauti nyingi za watu zikimwamsha kwa upole, kila moja kwa namna yake, mama, baba, rafiki. Kisha zinakatika, na sauti yake mwenyewe inakatwakatwa vipande kama ya mtu anayepandishwa na kuzamishwa, huku dume la sauti nzito likimhukumu kama mchawi. Mwishoni inasikika helikopta. Helikopta hiyo iliazimwa kutoka kwenye "The Wall" ya Pink Floyd. Nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyekuta jina la babu yake kwenye daftari la zamani.

Baada ya hapo anarudi nyumbani kama mzimu na watu wake hawamwoni. Halafu yeye wa miaka ijayo, mzee, anamjia juu ya fidla na zumari za Kiayalandi, nchi ya mama yake, na kumwamuru aishi, kwa sababu akifa sasa wote wawili wanakufa. Kisha anapaa, anaitazama dunia kutoka juu na dhoruba ikijikusanya, muziki unasimama kabisa, na kwenye ukimya huo inaingia kwaya ya wanaume ikiimba wimbo wa jadi wa Georgia. Hakuna mahali kwenye muziki wa nchi za Magharibi ambapo ukimya umenibana kifua kama pale. Kipande cha mwisho ni asubuhi.

Ondoa kipande cha pili, na ukimya wa cha sita hauna maana. Anzia cha saba, na furaha yake itakuwa wimbo mtamu tu. Hicho ndicho ninachokiita utenzi, na ndiyo maana nasema Kate Bush anaingia kwenye rafu ile kwa mlango wa mbele. Wala hakubahatisha. Mwaka 2005, kwenye "Aerial", alitoa diski nzima ya dakika 42 inayofuata mwendo wa siku moja kutoka alasiri hadi jua la kesho yake, ndege wakiimba kati ya nyimbo na wakati mwingine ndani yake. Na mwaka 2014, aliporudi jukwaani baada ya miaka 35 bila ziara, kwa usiku 22 pale Hammersmith, London, aliucheza upande wa "The Ninth Wave" wote, kwa mpangilio.

Björk: kwa nini anaonekana wa pale, na kwa nini si wa pale

Wanaomtetea Björk wana vitu vya kuonyesha mkononi. Kuna mhusika Isobel, ambaye kisa chake kimesambaa kwenye nyimbo tatu za albamu tatu mfululizo, cha mwisho kikiwa "Bachelorette" kwenye "Homogenic". Kuna "Medúlla" ya 2004, iliyotengenezwa karibu yote kwa sauti za binadamu, na mmoja wa walioimba humo ni Robert Wyatt wa Soft Machine, damu ya progresivu kabisa. Kuna "Biophilia" ya 2011, iliyotoka pamoja na programu za simu na tableti, kila wimbo na yake, ikiwa na vyombo vilivyobuniwa kwa ajili hiyo tu, na mapigo 17 kwenye "Crystalline". "Black Lake" ya 2015 ina dakika kumi.

Sasa weka "Homogenic" kwenye hedifoni. Katika "Jóga" nyuzi zinaingia chini, nzito, polepole, kama ukungu unaopanda mlima. Midundo ya Mark Bell, prodyuza mwenzake, haiji kama dramu. Inakuja kama mawe yanayopasuka chini ya ardhi, kila ufa mahali pake. Katikati nyuzi zinanyamaza na kinachobaki ni nchi tupu inayotetemeka. Kisha sauti inarudi na vyote vinaungana. Iceland ni kisiwa cha volkano ambacho ardhi yake bado inajitengeneza, na sijasikia mtu aliyeipiga ardhi ya kwao kwa usahihi namna hiyo.

Lakini "Jóga" ikiisha, imeisha. Haiachi deni ambalo wimbo unaofuata utalilipa. Nimeusikiliza mpangilio wa nyimbo kumi za "Homogenic" nikiuvuruga kwa makusudi, na albamu ilisimama vizuri ajabu, kwa sababu kinachoiunganisha ni nyenzo: nyuzi, midundo ya kompyuta na koo lake. Ni kama kitambaa cha kitenge, ambacho ukikikata popote bado unaliona ua lilelile. Kate anashona kanzu yenye mabega na mikono; Björk anafuma kitambaa.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Björk alitoka kwenye panki ya Reykjavik, na akajulikana nje na bendi ya Sugarcubes mwishoni mwa miaka ya themanini. Panki ilisimama dhidi ya progresivu: dhidi ya nyimbo ndefu, dhidi ya wapigaji wanaojionyesha ufundi. Kisha akahamia London akakumbatia muziki wa klabu, ambao una hekima nyingine kabisa, ya kukaa ndani ya mdundo mmoja hadi ukubadilishe. Anachojaribu ni sauti yenyewe, imetengenezwa na nini na inaweza kuwa nini. Kumwita progresivu ni kumvika joho la watu ambao wazazi wake wa muziki waliwakataa.

Kuna jambo moja zaidi hapa ambalo kwetu ni la nyumbani. Kwenye "Volta" ya 2007 Björk aliwaalika Konono N°1 wa Kinshasa, bendi inayopiga likembe zilizounganishwa na vikuza sauti hadi zinakwaruza. Likembe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo. Na ilimba ilikwishafika kwa watu wa progresivu zamani: Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi Bagamoyo, alitoa albamu ya "Chibite" mwaka 1996 kwenye Real World, kampuni aliyoianzisha Peter Gabriel. Kila mmoja alikuja kwetu kwa njia yake. Gabriel alifungua nyumba na kumpa Zawose chumba. Björk aliichukua ile kelele ya Konono na kuitia kwenye damu ya wimbo wake. Naona tofauti yote ya kambi hizi mbili iko hapo.

Wakiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa sauti, Kate anaigiza. Ndani ya dakika kumi utasikia mtoto, bibi kizee, mzimu na mtuhumiwa. Björk ni Björk tangu mwanzo hadi mwisho; anapanda, anakwaruza, ananong'ona, lakini hamwachii mtu mwingine koo lake. Ukitaka tamthilia, ni Kate. Ukitaka mtu mmoja aliyejivua hadi mfupani, ni Björk.

Kwa mapigo, Björk anashinda, na kwa mbali. Dramu za Kate za 1985 zina alama ya wakati wake. Midundo ya "Homogenic" bado inasikika kama ya kesho. Kijana wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye singeli ataielewa "Pluto", ile karibu na mwisho wa albamu, haraka kuliko mjomba wangu na rafu yake yote. Na akiipenda, aende moja kwa moja kwenye "Fossora" ya 2022.

Gitaa, ukilihitaji, "Homogenic" haitakulisha. Hilo si dogo kwa mtu wa roki. "Hounds of Love" nayo haina gitaa la kujitanua kama la Yes, lakini lipo, na besi yake katika "Hello Earth" ni ya kukaa nayo.

Na namna ya kusikiliza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. "Homogenic" unaweza kuisikiliza kwenye matatu, wimbo mmoja leo na mwingine kesho. "The Ninth Wave" kwenye simu inaanza wimbo wa sita; zima uchanganyaji wa nyimbo, zima taa, usiikatishe. Ukiikatisha kupokea simu, anza upya.

Kwa hiyo: kama umetoka kwenye Pink Floyd na Genesis na unataka mwanamke aliyefanya kazi ileile kwa ukubwa uleule, chukua "Hounds of Love", kisha "Aerial". "The Kick Inside", ile ya kwanza, iache iwe ya mwisho. Kama progresivu imekuchosha na unataka kusikia kitu ambacho hakikuwapo kabla ya mtu huyu kukifanya, chukua "Homogenic", kisha "Vespertine" ya 2001, na usiitafutie rafu. Fedha zikitosha moja tu na hujui unatoka wapi, mimi ningekupa Kate.

Nilimpelekea mjomba Kate. Nilimwomba aanze na upande wa pili. Mwanzoni mwa kipande cha kwanza mwimbaji anataja taa ndogo inayowaka ili wamwone, na mjomba akainua mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nasema. "Taa ya jaketi," alisema. "Kila jaketi lina taa na filimbi. Usiku, taa ndiyo jina lako." Hakusema tena hadi sindano ilipofika mwisho. Pale mzimu unaporudi nyumbani na hauonekani, aliutazama mlango wa kuingilia, ambapo marehemu mkewe alikuwa akisubiri barua miezi sita sita.

Aliirudisha sindano mwanzo wa upande. Mara ya pili ilipoisha akaifuta santuri kwa kitambaa chake, akaiweka kati ya Genesis na Jethro Tull, akasukuma zingine kwa kiganja zikae sawa. "Homogenic" niliyokuwa nayo mfukoni nilimwachia binti yake, na hajanirudishia.